Nailoni ya Wandera

Siku hizi mtu akifa huku kwetu Busia, turubai hufika kabla ya machozi. Kaka yangu Wandera alikata roho alfajiri, na kabla jua halijapanda vijana walikuwa wamesimamisha nguzo uani na kuvuta juu yake maturubai ya plastiki, yale ya buluu ya kukodi, yenye matundu ya bati kwenye kingo. Mengine yalitandikwa chini watu wakalie. Jikoni akina mama walifunika mahindi ya kupikia kwa lingine, na moja kuukuu lilizungushiwa miti kufanya bafu ya wageni. Mimi nilipewa kiti cha mbele, maana bibi wa karibu miaka themanini ambaye magoti yamemwisha hawezi kukalishwa chini, hata kama ulimi wake bado unafanya kazi. Nilikaa pale nikisikiliza upepo unavyoipiga ile plastiki, nikajisemea, ewe Wandera, leo umezungukwa kweli. Nilimlilia, ndiyo. Alikuwa kaka yangu wa mwisho kubaki. Lakini ndani ya kile kilio kulikuwa na hasira ya zamani ambayo kifo hakikuizima, na sioni haya kuisema.

Siku ya maziko, tukiwa tumekwisha kumfukia, akaingia langoni mwanamke mrefu, mkongwe kama mimi, amevaa gomesi ya kijani, lile gauni la akina mama wa Uganda, fimbo mkononi. Watoto wa Wandera wakatazamana, hawakumjua. Mimi nilimjua kwa mwendo wake tu, ule wa kutupa miguu nje kidogo kama mtu anayekwepa tope. Alikuja moja kwa moja hadi kwenye kiti changu. "Nabwire," akasema, "wewe bado unakunja uso hivi hivi?" Nilitaka kumrudishia mzaha, badala yake nikaangua kilio mbele ya watu. Amoit hakuwa amekanyaga boma letu hata siku moja, ingawa maisha yake yote ameishi upande wa Uganda, mwendo wa asubuhi moja tu kutoka kwetu. Angekuwa mke wa Wandera. Wale watoto waliokuwa wakimtolea macho wangekuwa wake. Kilichozuia ni karatasi ya nailoni, na nikisema hivyo vijana hudhani nimeanza kuchanganyikiwa.

Nilikutana na Amoit mjini Tororo, Uganda, mwaka uliofuata uhuru wa Kenya, kwenye jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba. Sisi wanawake tulikuwa tunamwaga pamba juu ya maturubai uani, tunaigeuza ikauke, tunachambua iliyochafuka. Maturubai ya wakati ule hayakuwa haya mepesi. Yalikuwa ya kitambaa kinene kilichopakwa nta, rangi ya majani makavu, na yakilowa yanakuwa mazito kama ng'ombe aliyekataa kuamka. Mvua ya Tororo haina adabu, hujificha nyuma ya ule mwamba mkubwa halafu hukurukia ghafla, kwa hiyo kila mwanamke alipewa kona yake na mwenzi wake wa kona. Nyapara akipiga kelele "Funika!" unaacha kila kitu, hata kama mtoto ananyonya, unakimbilia kona yako. Mwenzi wangu alikuwa Amoit, Mteso wa kijiji cha hapo karibu, msichana wa maneno mengi na mikono yenye nguvu kuliko ya wanaume wengi niliowajua. Jioni tulikunja pamoja. Kukunja turubai kubwa si kazi ya mmoja. Mnashika kona, mnavuta mpaka linanyooka, kisha mnaendeana, mnakutana katikati, mmoja anampa mwenzake kona zake na kuinama kuokota mkunjo. Tulifanya hivyo kila jioni tukiwa tunapiga soga, na nadhani ndivyo tulivyokuwa marafiki, kwa kuendeana.

Tulipanga chumba kimoja kwenye safu ya vyumba vya mabati nyuma ya jineri. Kitanda cha kamba tulilala wote wawili, mzungu wa nne. Kulikuwa na jiko la mkaa, sanduku langu, sanduku lake, na ukuta mwembamba kiasi kwamba mke wa mtu wa reli aliyeishi jirani akipiga chafya, Amoit humwambia pole. Tulisikia kila ugomvi wa nyumba ile. "Wewe unarudi na harufu ya pombe, unga uko wapi?" mama yule aliuliza karibu kila mwisho wa wiki, na Amoit aliniminya ubavu nisicheke. Tulikula ugali wa wimbi na muhogo, na kunde zilizoungwa kwa simsim ya kusaga, alivyofundishwa na mama yake. Nikitaka samaki nilimngojea Wandera. Alikuwa taniboi, yaani utingo, wa lori la saruji, analipanda na kulishuka kutwa, na kila lilipopita njia ya ziwani alituletea dagaa wa Majanji. Mwanzoni alisema anamletea dada yake. Baada ya muda alikuwa anawamwaga wale dagaa mbele ya Amoit bila hata kunitazama, nami nikamwambia, "Kaka, nipo hapa pia, au nimekuwa jiko?" Akacheka. Wandera alikuwa na kicheko kizuri cha mtu mpole. Siku hizo sikujua kwamba upole nao unaweza kumponza mtu.

Ile nailoni aliileta Jumapili moja tukitoka kanisani. Kiwanda cha saruji kilikuwa kimepokea mashine mpya kwa treni, ikiwa imevikwa nailoni kutoka juu mpaka chini, na baada ya kuivua wafanyakazi waligawana ile nguo ya mashine. Fungu la Wandera lilitosha kufunika chumba chetu chote. Ilikuwa nzito, rangi ya maziwa yaliyotiwa maji, na ilinuka mafuta ya mashine. Hatukuwa tumewahi kuona kitu kama kile. Jirani alikuja na watoto wake kuangalia. Amoit alimwaga kikombe cha maji katikati yake, maji yakakaa juu yakicheza. "Nabwire, angalia! Maji inakaa kama kwa jani ya nduma!" Tangu siku ile nailoni ilifanya kazi zote za chumba kile. Mvua ikinyesha tuliipachika chini ya bati lililotoboka. Jua likiwaka tuliitandika nje tukaanika muhogo. Wageni wakija tuliining'iniza katikati ya chumba, wabadilishe nguo upande mmoja sisi tupike upande mwingine. Amoit aliifuta kila siku na kuikunja vizuri kuliko nguo zake za kanisani. Nilimtania kwamba ameolewa na nailoni, akajibu, "Ngoja kidogo, nitaolewa na mwenyewe." Na kweli, kabla mvua za masika hazijakolea, Wandera alikuwa amempa neno, na wazee wetu wakakubali kuvuka kwenda kwa kina Amoit kuzungumza habari ya ng'ombe.

Wageni wa namna ile hawapokewi kwa chai. Walipaswa kukuta chungu cha malwa, pombe ya wimbi, na mirija yake. Mama yake Amoit alisifika kwa malwa kijiji kizima. Unga wa wimbi hukandwa na maji, hufukiwa shimoni siku kadhaa mpaka uchachuke, ndipo hutolewa, hukaangwa juu ya bati, huanikwa, kisha hutiwa kimea na maji. Shimo hutandikwa majani ya mgomba. Lakini mwaka ule mvua ilizidi, maji yalikuwa yakichuruzika ndani ya mashimo ya watu, na majirani wawili walikuwa wamefukua unga uliogeuka matope. Amoit akaja na wazo, akalisema kwa furaha kubwa. Shimo litandikwe nailoni. Maji hayatapita hata tone. Mama yake alisitasita, alimuuliza, "Hiyo kitu inapumua?" Amoit akamwambia, "Mama, hii ni kitu ya kiwanda. Ni safi kuliko majani." Tukaipeleka kisimani mimi na yeye, tukaisugua kwa sabuni ya mche mpaka mikono ikakunjamana, tukaianika. Nilinusa mwenyewe, nikanusa sabuni tu. Nilifurahi pamoja naye. Zawadi ya mchumba ndiyo itakayobeba pombe ya wazee wake, nani asingependa hilo? Mama yake alikuwa mvuta ugoro tangu ujana, pua yake ilikwisha kufa ganzi. Na unga ulipofukuliwa, moshi wa kukaangia ulifunika kila harufu nyingine.

Wazee wetu walifika siku ya mkutano wakiwa nyuma ya lori la saruji, maana dereva wa Wandera aliwafanyia hisani. Mvua ilikuwa inamwagika, wakawa wamefungiwa ndani ya turubai la kitambaa, kila upande umekazwa kamba, na lile lori halikuwahi kufagiliwa vumbi lake. Walishuka nyuso zote nyeupe, wanakohoa, Baba Mkubwa Ouma ambaye ndiye msemaji wao akiwa ameshika tumbo tangu njiani. Nilimwona kwa macho yangu. Mazungumzo yalikwenda vizuri. Chungu kikaletwa katikati, mama yake Amoit akainama, akashika mrija, akanywa wa kwanza mbele ya wote, kama ilivyo desturi, anayekaribisha aonje mgeni aone. Akanywa tena. Wazee wakaingiza mirija yao. Malwa hunywewa kwa kumiminiwa maji ya moto chunguni, na maji ya kwanza yalipomalizika wakasifu. Yakaongezwa ya pili, na hapo harufu ikafumka. Sijui niieleze vipi. Ilikuwa harufu ya gereji ndani ya chungu. Baba Mkubwa Ouma alitoa mrija wake mdomoni, akautazama, akaulaza chini taratibu. Mwingine akaulaza wake. Mirija yote ikalala.

Amoit alielewa kabla ya mtu yeyote. Alitoka jikoni mbio, akapiga magoti, akasema, "Baba zangu, ni nailoni. Nimetandika nailoni kwa shimo, juu ya mvua. Ni mimi." Angenyamaza labda wangedhani chungu kilikuwa kichafu tu. Wazee waliaga kwa heshima ya barafu, wakapanda lori, wakafungiwa tena ndani ya lile turubai, na kabla ya kufika mpakani Malaba Baba Mkubwa Ouma alikuwa anatapika kama amefunguliwa bomba, na wenzake wakimfuata mmoja baada ya mwingine. Jamani, watu wazima wamemeza vumbi la saruji, wamerushwarushwa gizani kwenye barabara ya mashimo, matumboni wana pombe yenye mafuta ya mashine, nani asingetapika? Lakini walipofika nyumbani neno lilikuwa moja. Wamelishwa sumu.

Niliitwa nikatoe maelezo, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikiishi na Amoit. Sebule ya Baba Mkubwa ilikuwa imejaa, amelala kwenye kiti cha kukunja amejifunika blanketi, mkewe akimpepea. Nilisema yote. Nilisema tuliiosha wenyewe, nilisema mama yule alikunywa kuliko wao na yuko mzima, nilisema habari ya lori. "Huyo alikunywa dawa yake mapema," mmoja akasema. "Ndivyo wanavyofanya." Nikasema nailoni ilikuwa na mafuta. Hapo walicheka hasa. Baba Mkubwa Ouma akainua kichwa: "Nailoni ni kitu cha Mzungu. Hakishiki maji, hakishiki uchafu, kitashikaje sumu? Msichana amekosa la kudanganya, ametafuta plastiki." Na mimi nikaambiwa nimekula chakula chao mno. Kisha wakamgeukia Wandera. Alikuwa amesimama mlangoni, kofia ya kazi mkononi. Yeye ndiye aliyeichukua ile nailoni kutoka kwenye mashine, mikono yake ilinuka yale mafuta juma zima. Nilimtazama. Sijawahi kumwomba mtu kitu kwa macho namna ile. Baba Mkubwa akamuuliza, "Na wewe unasemaje?" Wandera akaigeuza kofia yake, akaigeuza tena, akasema, "Ninyi ndio wazee wangu." Basi. Maneno hayo tu. Nilitamani nimzabe kofi, nilitamani ardhi immeze, nikatoka nje nikakaa nyuma ya ghala nikilia kwa hasira mpaka kuku wakaja kunishangaa.

Nilikatazwa kurudi kazini, nikaruhusiwa kwenda mara moja tu kuchukua sanduku langu na kurudisha vitu Wandera alivyompa Amoit. Amoit nilimkuta chumbani ameketi kitandani. Habari zilikuwa zimemfikia. Huko kwao hakuna aliyenunua tena malwa ya mama yake, maana neno la sumu halihitaji miguu. Hakunilaumu. Aliniuliza jambo moja tu, "Wandera alisema nini?" Nikamwambia. Nyuma ya ukuta mke wa mtu wa reli, ambaye bila shaka alisikia, alizima redio yake. Kisha Amoit akainuka, akatoa nailoni chini ya kitanda. Alikuwa ameiosha upya. "Shika kona," akasema. Tukaivuta pale pale chumbani, tukaendeana, tukakutana katikati, akanipa kona zake. Mikono yake ilikuwa baridi. "Mpe nailoni yake," akasema. "Na wewe usikuje tena, Nabwire. Wewe ni wa kwao. Nikikuona nitamwona yeye." Nilibeba ule mzigo kichwani hadi Malaba, na kutoka Malaba hadi nyumbani, na sikumsalimu mtu yeyote njiani.

Watu hufikiri majuto ni ya mtu aliyekosa. Si kweli. Mimi nilisema ukweli siku ile, nikausema kwa sauti, na bado nimeujutia mwaka ule kuliko mwaka wowote, kwa sababu niliona jinsi ukweli unavyoweza kusimama katikati ya sebule na usipate kiti. Wandera alioa aliyechaguliwa, mwanamke mwema, Mungu amrehemu, na wakazaa hawa watoto wema wanaoniita Senge, yaani shangazi kwa lugha yetu. Baba Mkubwa Ouma alipona kabla ya wiki kwisha, akaishi miaka mingi, akinywa pombe za kila namna. Amoit niliambiwa ameolewa huko kwao, nikaambiwa amekuwa mjane. Mara kadhaa nilipopita Tororo niliuona ule mwamba, moyo ukaniambia shuka, nikakumbuka alivyosema nisije, sikushuka. Nilipaswa kushuka. Hilo nalijua sasa, ningeshuka tu, anifukuze mwenyewe kwa mkono wake.

Basi siku ile ya maziko aliketi kando yangu chini ya plastiki ya buluu mpaka watu wakapungua. Kaburi la Wandera lilikuwa mbele yetu, udongo bado mbichi. Alilitazama, kisha akasema polepole, "Mimi nilikuja kuuliza kitu moja tu. Yeye aliamini maneno yao?" Nilikuwa nimelingojea swali hilo karibu maisha yangu yote. Nikamwambia nilichokiona. Kwamba ile nailoni Wandera aliipokea kwangu bila neno, akaifunikia kuni. Kila mavuno watu walimwambia, Wandera, una nailoni nzuri hivi, mbona unaanika mahindi mchangani? Hakuwahi kuweka juu yake hata punje moja. Ilikaa juu ya kuni mpaka jua likaila, ikapasuka, ikapeperuka vipande vipande.

"Kwa hiyo alijua," Amoit akasema.

"Alijua."

"Na akanyamaza."

"Akanyamaza."

Hakulia. Alipiga fimbo yake chini mara moja, kama mtu anayefukuza kuku. Mmoja wa wajukuu akaniletea kikombe nimkaribishe mgeni. Ilikuwa busaa, pombe ya matanga, imechachukia ndani ya pipa la plastiki nyuma ya jiko, limefunikwa kwa karatasi ya plastiki na kufungwa kwa mpira, kama wanavyofanya wote sasa, huku na Tororo. Nikakiinua mdomoni mwangu kuonja kwanza, kama ilivyo desturi, ili mgeni aone.

Amoit akanishika mkono. "Usionje," akasema. "Nipe hivyo hivyo."

Nikampa. Ikamwagika kidogo kwenye gomesi yake. Alikunywa yote akinitazama machoni, pale pale mbele ya kaburi la Wandera, mpaka tone la mwisho. Kisha akafuta mdomo, akanirudishia kikombe nimwongeze.

"Inanuka nailoni," akasema.